Bega Langu na Maombi ya Kitale

Marafiki, leo nimejiharibia kesi.

Tangu nesi anidunge chanjo juu sana, karibu na kiungo cha bega, mkono wangu wa kulia hauinuki. Hata nywele ni binti yangu hunichana.

Leo nimetoka Bumula hadi Kitale, kamati isikilize ombi langu la fidia.

Mwenyekiti akasema tuanze na maombi. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa sifa.

Si mnanijua na sifa? Mikono yote juu!

Bega likawaka moto. Nikalia kwa sauti.

Kufungua macho, daktari wa kamati ananiangalia. "Mama, si huo mkono umeinuka vizuri?"

"Daktari, nimelia kwa uchungu!"

"Pole. Sisi tulidhani ni Roho."

Jamani, si hata ningeinua wa kushoto peke yake?