Malata Niliyoyazika Nyuma ya Jiko

Nakumbuka asubuhi moja ufukweni Kashikishi, wanawake wenzangu waliponisifu mpaka nikavimba kichwa, na sifa zenyewe zilikuwa za kosa. Mwanangu Kapya, asubuhi hiyo imenirudia tangu juzi uliponiambia kwamba umenunua ile nyumba ya zamani kando ya barabara, na kwamba Jumamosi wewe na rafiki zako mtapanda juu na nyundo mvunje paa lake la asbesto muweke bati jipya. Nilikuitikia "vizuri" tu. Kisha mkeo Bupe akaniuliza, kwa adabu zake zote, kama vipande vitakavyobaki vitafaa kuanikia chisense, dagaa wetu wa ziwani. Usingizi ukanitoka, na nikaona kwamba nikinyamaza tena nitakuwa nimekukosea mara mbili.

Basi tulia unisikilize. Mimi mzee ninazunguka sana kabla ya kufika, lakini nafika.

Wakati ule nilikuwa nimevuka ziwa kutoka upande wa Pweto kuja kuolewa na baba yako, Mulenga. Nilikuwa mdogo, mwenye mdomo, na kila kitu nilikijua. Baba yako alikuwa seremala, na mwaka huo alipata kazi ya kubadilisha paa la nyumba ya mfanyabiashara wa samaki hapo Kashikishi. Paa lilikuwa la malata ya asbesto, zile shiti nzito za kijivu zenye mawimbi kama za nyumba yako. Hakuna aliyetuambia kitu juu yake. Baba yako aliyapiga nyundo, yakaanguka chini yakipasuka, na mwenye nyumba akasema takataka hizo achukue anayetaka.

Nikataka mimi. Unajua chisense wetu, vidagaa vidogo kuliko kidole. Ukiwaanika juu ya mchanga wanakauka na mchanga wao, na mteja akitafuna meno yanamlia. Mimi nikaona shiti zile ni ngumu, tena zinashika joto la jua. Nikazibeba kichwani, kipande kwa kipande, mpaka ufukweni. Zilikuwa na ukungu mweusi wa miaka mingi, nikazisugua kwa mchanga mkavu na kipande cha wavu mpaka zikawa nyeupe. Vumbi lilipanda kama ninapepeta unga. Chisense wangu wakatoka safi, wanameta, na kila mwanamke akaja kuuliza nimezipata wapi. Wawili niliwapa vipande. Nilijiona mwerevu kuliko mji mzima.

Na wewe ulikuwa mgongoni. Sijawahi kukuambia hilo. Ulikuwa na miezi mitano, umefungwa kwa chitenge, kichwa chako kimeegemea bega langu, na kila nilipoinama kusugua uliinama nami.

Karibu na hapo alikaa mzee mmoja mshona nyavu, Tata Chola. Ujana wake aliumaliza ng'ambo, kwenye miji ya migodi ya Katanga, akiezeka nyumba za wafanyakazi, na kwa hiyo alipenda kusema nami Kiswahili cha kwetu. Alikuwa mtu wa maneno machache, nami nilidhani ni kiburi. Asubuhi ile aliacha wavu wake akaja mpaka nilipokuwa. Si mbali, ni hatua ishirini hivi, lakini alisimama mara mbili njiani.

"Bana Kapya," akaniambia, yaani mama Kapya, "hii lata ulitosha wapi?"

"Ku nyumba yenye Mulenga anatengeneza, Tata. Balisema ni ya kutupa."

"Na unaisugua na mutoto mu mugongo?"

Nikacheka. "Tata, bantu balilala chini yake miaka na miaka. Hakuna mwenye alikufa."

Alishika kiuno, akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine.

"Ikikala muzima kule juu, haina neno," akasema. "Ukiivunja, ukiisugua, ile vumbi yake njo mubaya. Inaingia mu kifua, inakala mule, haitoke tena. Miye nilikata hizi malata na musumeno tangu kijana. Sikia vile ninapumua."

Nikasema ndiyo Tata, asante Tata, kwa mdomo tu. Alipogeuka nikaendelea kusugua. Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi niliendelea hivyo msimu mzima. Vumbi lilikuwa halinichomi, halininukii, halinikoholeshi. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini kuna mambo ambayo macho hayafai kitu, na hili ni mojawapo. Nyumbani nako baba yako alirudi jioni mweupe kwa vumbi, nami kama mke mwema nikaivua ovaroli yake na kuikung'uta mlangoni, pap, pap, wewe ukicheka kwa ule mlio. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliijua tangu utoto, na siku zote nilidhani inasema habari za marafiki wabaya.

Mvua zilipoanza Tata Chola hakutoka tena kushona nyavu. Mchana mmoja nilimpelekea uji, wewe mgongoni kama kawaida. Nilimkuta amekaa kitandani, mgongo umeegemezwa magunia, kwa kuwa akilala chali hawezi kupumua. Alikunywa vijiko viwili akachoka. Akaniuliza, "Zile malata ziko wapi?"

Nilitamani kusema uongo. Nikamwambia, "Ziko kule ku maji, Tata. Bado ninaanika."

Hakunikasirikia. Afadhali angenitukana. Alinyoosha mkono akashika mguu wako uliokuwa unaning'inia ubavuni mwangu, akaushika muda mrefu.

"Miye nilikuwa mutu mukubwa, nilitafuta kazi," akasema. "Weye uko mukubwa, unatafuta chisense. Huyu hakuchagua."

Nililia pale pale, uji mkononi. Alingoja nimalize, kisha akanieleza kwa vipande vipande, akipumzika kila baada ya maneno matatu. Zimwagie maji zilowe. Usizivunje. Usizichome, zinapasuka kwenye moto. Zifunge vizuri, chimba kina kirefu, mtu asizione tena. Siku ile ile nilikwenda kukusanya. Wale wanawake wawili niliowapa, mmoja alinirudishia. Mwingine alicheka vilevile kama nilivyocheka mimi, na sikuwa na uso wa kumlaumu. Baba yako akachimba nyuma ya jiko mpaka shimo likamfika mabegani, tukazifunga kwa plastiki ya mbolea, tukazizika. Tata Chola alifariki kabla mvua hazijaisha, nami nikawahi kumwambia kwamba nimezizika. Aliitikia kwa kichwa tu.

Sasa unajua kwa nini nyuma ya jiko sikuwahi kulima muhogo, mahali pazuri vile. Uliponiuliza utotoni nilikuambia kuna shimo la nyoka. Nisamehe, nyoka hakuwepo.

Baba yako unamkumbuka mwenyewe, mwaka wake wa mwisho, alivyokuwa anasimama njiani kama Tata Chola. Daktari aliniuliza kama alipata kufanya kazi kwenye vumbi. Nikamweleza. Akasema kwa upole kwamba hawezi kuapa kuwa ni vumbi, kwa sababu baba yako alivuta pia sigara nyingi, na ugonjwa wa vumbi hilo huchukua miaka mingi kujitokeza. Kwa hiyo sisemi kwamba paa lile ndilo lililomuua. Sijui, na sitajua. Ninalojua ni kwamba tangu swali lile, kila ulipokohoa, hata mafua ya kawaida, mimi niliacha nililokuwa nafanya nikasikiliza. Ulikuwa unaniita mama wa wasiwasi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea peke yangu miaka yote hii.

Mwanangu, sikukatazi nyumba. Nyumba ni nzuri na nimefurahi kwa ajili yenu. Ninachokuomba ni kwamba Jumamosi nyundo zikae chini. Kwanza hakuna awezaye kutazama shiti ya zamani akajua kwa hakika ni asbesto au siyo, basi ihesabu kuwa ndiyo mpaka mjuzi akuambie vingine. Nenda kwenye baraza la wilaya, kwa bwana afya, umuulize. Kuuliza si ujinga. Huenda akakuambia kwamba paa ni zima na unaweza kuliacha lilivyo, bila kulitoboa wala kulisugua, maana Tata Chola alisema kweli, likiwa zima limetulia. Kama ni lazima litoke, litolewe na watu wanaoijua kazi hiyo. Wao huzilowesha shiti, hufungua misumari, huzishusha nzima kama mtu anavyoshusha mgonjwa, huzifunga kwa plastiki, na baraza ndilo linalosema zizikwe wapi. Chitenge mdomoni si kinga. Ziko barakoa maalumu kwa vumbi hilo, na wajuzi wanazijua. Wewe na wajukuu wangu mkae mbali mpaka wamalize. Vumbi lililobaki halifagiliwi likiwa kavu, na nguo ya kazi haiingii ndani ya nyumba, wala mke haikung'uti mlangoni. Hilo mwambie Bupe kwa jina langu. Mwambie pia kwamba nitampa nyavu zangu mbili nzuri za kuanikia, azitandaze juu ya vichanja vya miti, hewa ipite chini. Chisense wake watakuwa safi kuliko wangu wa sifa zile.

Nikuombe na la mwisho. Hapa kwangu patakuwa pako siku moja. Yule bwana afya ukimpata, mlete nimwonyeshe pale nyuma ya jiko, atuambie kama tulizika inavyotakiwa, maana tulifanya kwa ujuzi wa mgonjwa mmoja na koleo moja. Na nikiwa sipo, asije mtu akachimba choo pale. Wewe mwenyewe nenda ukapimwe kifua, umweleze daktari kwamba mama yako alisugua malata nawe ukiwa mgongoni. Usione haya kunitaja. Na sigara, mwanangu, ziache. Baba yako alikutangulia huko, inatosha.

Mungu wa baba yako akulinde juu ya paa na chini ya paa. Nyumba yako ikae na vicheko, chisense wa Bupe wasikose mnunuzi, na watoto wako wapande kilima mbio bila kusimama njiani. Pumzi niliyokupunguzia bila kujua, kama nilikupunguzia, Mungu atoe katika yangu akurudishie.