Siku Niliyokataa Kushuka

Mume wangu alipoletwa nyumbani mkono ukiwa umefungwa kitambaa kilicholowa damu, nilikuwa nimeketi mlangoni nachambua mchele. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Mbeya mjini, nyuma ya soko, sisi wawili na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado mgongoni. Yeye alikuwa seremala katika karakana ya mbao. Mashine ilikuwa imekata vidole viwili vya mkono wake wa kushoto. Mkono ulipona, lakini alipotaka kurudi kazini alikuta nafasi yake imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Akakaa wiki nzima akizunguka mjini. Jioni moja akaja, akavua kofia, akasema, "Mama watoto, hapa mjini hatuna tena letu. Twende tukalime."

Kulima sikukuogopa. Nililelewa shambani, mpini wa jembe niliujua kabla sijaijua kalamu. Kilichoninyima utulivu ni swali moja tu: tukalime wapi? Mume wangu alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mimi Mhehe wa Iringa. Tulikutana Mbeya, tukafungia ndoa Mbeya, na tulizungumza Kiswahili ambacho hakikuwa lugha ya mama wa yeyote kati yetu. Mjini hakuna aliyejali. Lakini shambani mtu huulizwa kwanza ni wa ukoo gani, ndipo aonyeshwe pa kulima.

Kwa kuwa kwao ndiko kulikokuwa karibu, tulianza na kwao.

Rungwe ni nchi nzuri, sitaki mtu aseme nimeikashifu. Migomba imeizunguka kila nyumba, ardhi nyeusi, ukichomeka kijiti kinachipua. Ila mvua! Tulifika ikinyesha na kwa miezi mitano sikumbuki siku ambayo nguo zilikauka kambani na kuvaliwa siku hiyohiyo. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanipa kuku na blanketi. Shida ilikuwa baba mkwe, na wala halikuwa kosa lake. Kwa desturi yao ya wakati ule, mke wa mwana hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake. Akija huku, wewe unapita kule. Hata jina lake hutamki, wala neno linalofanana na jina lake. Wanawake wa pale walikuwa wamefundishwa mambo hayo tangu utotoni. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, najifunza upya namna ya kutembea.

Siku moja nikiwa natoka mtoni na mtungi kichwani, nikamwona anakuja njia ileile, kakunja mwavuli. Nilijitupa kwenye migomba kama mwizi. Nikateleza, mtungi ukavunjika, maji yote yakanimwagikia, na mtoto mgongoni akaanza kulia kwa sauti ambayo hakuna mgomba ambao ungeweza kuificha. Yule mzee alisimama, akageuza uso upande wa pili, akasema na hewa, "Jamani, njia imeteleza leo, watu wawe waangalifu." Kisha akapita. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipotoka nje alikohoa kwa nguvu mara tatu nimsikie na kupata muda wa kupisha. Hakuwa na kikohozi. Nilimpenda mzee yule bila kuwahi kumtazama usoni, na bado sikuweza kuishi hivyo.

Mume wangu alilala vizuri kule kuliko nilivyowahi kumwona akilala mjini. Mimi usingizi wangu ulikuwa wa kukatikakatika. Lakini mwishowe si mimi niliyetutoa Rungwe. Shamba alilopewa lilikuwa kipande chembamba kati ya migomba ya kaka zake wawili. Siku aliyokata mashina matatu apate nafasi ya kujenga banda la useremala, kaka yake mkubwa akaja, akayatazama yale mashina chini, akauliza kwa upole, "Na watoto wako wakikua, watakata ya nani?"

 Usiku huo mume wangu alianza kuzungumza habari za Iringa.

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, alikuwa na ardhi kubwa ng'ambo ya Kihesa, kwenye miteremko yenye mawe makubwa. Tuliwaacha watoto wakubwa kwa mama mkwe, tukapanda basi na mdogo. Mjomba alitutembeza siku nzima. Alionyesha kwa fimbo: "Kuanzia jiwe lile mpaka kule korongoni, chukueni. Mkwe wetu, karibu, hapa ni kwako."

Nilitamani kulia kwa furaha. Harufu ya udongo ule baada ya mvua nilikuwa nimeikosa miaka kumi na miwili. Mume wangu alishukuru kwa heshima zote, akapokea ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwa mikono miwili, akacheka na wazee. Tukapanda basi la kurudi. Tulipofika Makambako, abiria wakiwa wameshuka kununua mahindi ya kuchoma, akaniambia, "Mimi siwezi kukaa ukweni."

"Kwa nini? Wamekunyima nini?"

"Hawajaninyima kitu. Ndiyo ubaya wenyewe. Nitaitwa mume wa binti yao mpaka nizikwe."

Nikamtazama. "Na mimi kule kwenu niliitwa nani?"

 Nilikasirika kuliko siku zote za ndoa yetu. Miezi mitano nilikuwa nimejificha kwenye migomba na hakuna aliyeona kuwa ni mzigo. Yeye kwa siku mbili za kukaribishwa ameshachoka. Sikumnunulia hata hindi.

Tulirudi Rungwe tukiwa hatusemezani ila kwa habari za watoto. Nilikuwa siwezi kutulia mahali. Nilianza kupalilia mahali ambapo palikuwa pameshapaliliwa. Nikifagia uwanja, nafagia mara mbili. Binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa na miaka tisa, aliniuliza, "Mama, tunakwenda wapi?" Nikamwambia hatuendi popote. Akasema, "Sasa mbona umekunja nguo zetu zote?"

Kumbe ni kweli, nilikuwa nimezikunja na sikukumbuka.

Baada ya mavuno mume wangu akaondoka peke yake, akakaa siku nne, akarudi uso umechangamka. Alikuwa amekwenda Usangu, chini kwenye tambarare, ambako barabara ya Iringa inapita. Alisema watu wa kila kabila wanahamia huko. Ardhi haina mwisho, maji yanaletwa kwa mifereji, mpunga unastawi. "Kule si kwetu na si kwenu," alisema. "Hakuna atakayemuuliza mwenzake alikotoka."

"Umelala huko siku ngapi?"

"Mbili."

"Na mbu je?"

Akakuna shingo. "Mbu wako kila mahali."

Mbu hawakuwa kila mahali. Rungwe juu hawakuwepo, na Iringa walikuwa wachache. Lakini nilikuwa nimechoka, na hasira yangu ya basini ilikuwa imegeuka aibu kidogo, basi nikakubali. Alipata lori lililokuwa linapitia huko kwenda Mufindi kupakia mbao. Tukapakia kitanda, masanduku mawili, sufuria, kuku sita kwenye tenga, na sanduku lake la zana. Mama mkwe alilia. Nilisikia kikohozi nyuma ya nyumba, mara tatu.

Tuliteremka kutoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto kama mtu anayefunikwa blanketi. Kabla ya saa sita mchana kuku mmoja alikuwa amekufa. Lori likasimama pembeni mwa barabara, kwenye vibanda vichache vya matete na mfereji wa maji mazito, rangi ya chai ya maziwa. Mume wangu akaruka chini, akaanza kunionyesha kwa mkono: hapa nyumba, pale mpunga, kule njia ya kwenda gulioni.

Kando ya mfereji palikuwa na mwanamke wa umri wangu akifua. Nikamsalimia kutoka juu ya lori, naye akaitikia vizuri. Karibu naye alikaa mtoto mwenye tumbo kubwa gumu na macho ya manjano, hachezi, ametulia tu kama mtu mzima anayesubiri.

"Una watoto wangapi, dada?" nikamuuliza.

"Huyu," akasema. Kisha akaongeza, "Walikuwa wanne." Akaendelea kufua.

Utingo alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kushika mguu wa kitanda. Nikamwambia, "Kaka, kiache."

Mume wangu akadhani sikusikia vizuri. "Ndipo hapa, mama watoto. Shukeni."

"Sishuki."

"Unasemaje?"

"Nasema sishuki, na watoto hawashuki. Kama unapapenda, baki. Nitakuachia jembe."

Sikuwahi kusema naye hivyo mbele ya watu.  Jasho lilimtiririka mume wangu, na ule mkono wake wa vidole vitatu ulikuwa unashika na kuachia ukingo wa lori. Dereva, Mbena mmoja mtu mzima, akazima injini. Akasema bila kututazama, "Mimi nina safari. Lakini nikipata maji ya kutia kwenye rejeta nitachukua muda kidogo." Akaenda na debe mpaka mfereji wa mbali kabisa, akiwa ameupita wa karibu.

Mume wangu akaenda kusimama karibu na yule mwanamke. Sikusikia walichozungumza. Nilimwona akichuchumaa, akamwekea yule mtoto kiganja kwenye paji la uso, akakaa hivyo. Aliporudi alipanda lori, akakaa juu ya sanduku la zana, akampakata mwanetu wa kiume. "Twende," akamwambia dereva. Hakuuliza wapi. 

Barabara ikapanda tena. Hewa ikapoa, watoto wakalala. Siku ya pili lori lilifika Mufindi, kwenye vilima vya majani na ukungu, mahali ambapo watu walikuwa wanapasua magogo juu ya shimo, mmoja juu na mwingine chini, kwa msumeno mrefu. Dereva alituombea pa kulala kwa mjane mmoja mwenye nyumba ya vyumba viwili. Tulikusudia siku tatu, mpaka tupate akili.

Asubuhi ya pili mjane akamwona mume wangu ananoa patasi. Mlango wake ulikuwa umelegea, akaomba autazame. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ametengeneza milango mitatu, na wazee wa kanisa, ambao waumini wao walikuwa wanakaa kwenye magogo, walikuja kuuliza habari za mabenchi. Mimi nilikwenda mwenyewe kuangalia chemchemi. Nilikaa pale tangu wanawake wa kwanza walipofika kuteka hadi wa mwisho, nikawatazama watoto waliokuwa nao. Walikuwa na mafua na miguu iliyopasuka kwa baridi, lakini walikimbia. Njia ya shule ilikuwa mwendo wa saa moja. Udongo haukuwa kama wa Rungwe wala wa kwetu. Viazi na njegere ungetoa, mahindi kwa taabu. Nilimweleza mume wangu yote hayo bila kumficha ubaya wowote.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza. Lilikuwa swali ambalo hakuwa ameniuliza tangu tutoke mjini.

"Tujaribu mwaka mmoja."

Jumbe alituonyesha kipande juu ya bonde la matete, tukajenga kabla ya mvua.

Ningependa kusema kwamba hapo moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Mwaka ule wa kwanza sikupanda mti wowote, maana nani apande mti mahali pa kupita? Ukungu ukishuka nilikumbuka mawe ya Iringa yenye joto. Mume wangu naye alinunua ndizi kila alipoziona kwenye malori, mbichi na mbovu, akazila bila kulalamika. Mwaka wa pili nilisikia kuwa upande wa pili wa bonde kuna ardhi inayopata jua zaidi. Nikamwambia mume wangu, nikitegemea atanicheka au atanikasirikia. Akaweka randa chini, akavaa koti.

Tulitembea asubuhi nzima, tukavuka kijito, tukapanda. Jua lilikuwepo kweli. Tukachimba udongo kwa vidole, tukaunusa, tukaketi kwenye majani tukatazama tulikotoka. Moshi wa jikoni kwetu ulionekana, na binti yetu akianika nguo uwanjani.

"Panafaa," mume wangu akasema.

"Panafaa sana," nikasema.

Tukakaa kidogo. Kisha nikakumbuka kuwa njegere zilikuwa zimeanza kusongwa na magugu, na kesho yake ilikuwa zamu yetu kumsaidia mjane kuezeka. Tukateremka, tukavuka kijito, yeye mbele na mimi nyuma, tukizungumza habari za njegere.