Dama Kalama, fundi aliyekataa kufungua injini

Saa tatu asubuhi katika gereji moja ya Ukunda, injini ya gari la kubeba watalii inanguruma. Dama Kalama ameiinamia, leso imefungwa kiunoni juu ya ovaroli, kiganja kikiwa juu ya mpira unaopeleka maji kwenye rejeta. Anauminya, anauachia, anauminya tena.

"Joto lake ni la kawaida," anasema. "Injini hii haiumwi."

Dereva Elkanah hataki kusikia hayo. Mafundi wawili wameshamwambia gasketi ya ndani ya injini imeungua, na tajiri wake kule Diani amekasirika.

"Madam, mshale wa joto unafika kwa red kabisa! Nimeona na macho yangu. Si ufungue tu hiyo injini?"

Mwenye gereji, Baya, amesimama kando na mikono kifuani. Neno lake amelitoa mbele ya watu wote: "Dama, gari hili likiondoka hivi halafu injini ife njiani, kesho usije na spana hapa. Utarudi kwenye birika lako."

Birika hilo si la mzaha. Dama, mwenye umri wa miaka 34 na mzaliwa wa Kinango, aliingia gereji hii mwaka 1991 akiuza chai na mahamri. Fundi wa umeme wa siku hizo, marehemu Shutu, macho yalikuwa yamemfifia hata hawezi kutofautisha waya wa kijani na wa buluu. Akawa anamwita muuza chai amsomee rangi.

"Miaka miwili namsomea," anasema Dama huku akicheka. "Mwishowe nikawa namtajia rangi na ugonjwa wake pamoja."

Lakini kwa Baya amebaki kuwa msaidizi tu. Tena mwaka huu wa 1998 kazi imekuwa ya kubahatisha. Watalii wamepungua, na gereji iliyokuwa ikipokea magari kumi kwa wiki sasa hupata matatu. Siku yenye kazi Dama huondoka na shilingi mia mbili, naye ana watoto wawili shuleni. Akifukuzwa hapa, hana gereji nyingine ya kumpokea mwanamke.

Silaha yake kubwa ni salamu. Mafundi wenzake gari likiingia huuliza lina nini, basi. Dama huanza na umeamkaje, nyumbani hawajambo, safari ya jana ilikuwaje. Elkanah, mtu wa bara mwenye haraka zake, alijibu huku akitazama saa. Hata hivyo alijibu. Jana alishinda Lunga Lunga na wageni, jua likichoma, na mshale ukatulia. Jioni akirudi, upepo mwanana, ndipo ukapanda.

"Nikashangaa, ni injini gani hii inayopoa juani na kuchemka kwenye baridi?" anasema Dama. "Nikamwuliza, kaka yangu, jioni wafanya nini usichokifanya mchana? Akanicheka. Akaniambia, nawasha taa."

Sasa anamwambia Elkanah aingie garini.

"Washa taa."

Mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu.

"Zizime."

Unashuka. Injini haijaongeza joto hata kidogo, ni mshale tu unaodanganywa.

Dama anapapasa karibu na betri na kuushika waya mnene unaounganisha bodi na injini, ambao ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri. Gari hulala hatua chache kutoka ufukweni, na chumvi imeila ncha ya waya huo hadi ikaota ukungu wa kijani. Taa zikiwaka, umeme hukosa njia nzuri ya kurudi, na mshale huvurugika. Anaisugua ncha kwa msasa mpaka ing'ae, anakaza nati. Kazi haikuzidi robo saa.

Baya haridhiki. Anashika usukani mwenyewe, taa zikiwaka mchana kweupe, na kuelekea Msambweni na kurudi. Dama ameketi kando yake, na Elkanah nyuma.

"Nilijua niko sawa, lakini nilitokwa na jasho," anakiri Dama baadaye. "Nilikuwa namwomba Mungu kimyakimya."

Wanaporudi, mshale umetulia katikati. Baya anazima injini, anashuka, na kumgeukia Elkanah.

"Mlipe fundi."

Dama anageuka upesi kama mtu anayetafuta spana, lakini uso mzima unacheka. Amelingoja neno hilo miaka mitano, na hafichi kwamba limemfurahisha kuliko malipo yenyewe.

Novemba anataka kwenda Mombasa kufanya mtihani wa serikali wa ufundi wa umeme wa magari. Anahitaji barua ya mwenye gereji inayothibitisha kwamba ni fundi wake, barua aliyoiomba mara tatu na kunyimwa.

"Leo nitaiomba mara ya nne," anasema akifuta mikono. "Naye aandike vilevile alivyosema mbele ya watu."