Vigelegele Kutoka Ukumbi wa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya kanisani, nikaambiwa nipande juu ya paa. Duka letu la kutengeneza televisheni lilikuwa katikati ya jiji la Nairobi, na Fundi Mkuu, mzee mfupi asiyejua kusema polepole, hakuwa na haja na sketi yangu.

"Nduku, ulikuja kazi ama ulikuja harusi? Shika waya!"

Nikashika. Jioni alinieleza kwamba picha ya analojia hupita ndani ya waya vile ilivyo, na waya ukizidi kurefuka, picha inachoka. Mwishowe unabaki na chenga, zile nukta nyeupe za kurukaruka. "Waya mrefu ni mwongo," aliniambia. "Usiuamini."

Baadaye nilihamia kampuni ya kamera za ulinzi. Tulizifunga katika mtaa wa Lavington, kwenye nyumba ambazo ukipita njiani huoni mlango, unaona ukuta tu. Huko ndiko nilikojua mtandao wa ndani, yaani kompyuta za jengo moja zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe, bila kuhitaji intaneti. Unachukua picha ya kamera kuukuu, unaipitisha kwenye kifaa kidogo kinachoigeuza iwe ya kidijitali, kompyuta inaituma. Haichoki tena njiani. Lakini inachelewa, maana kompyuta inayopokea hujiwekea akiba ya picha kwanza ndipo ionyeshe, isije ikakwama. Mama mmoja mwenye nyumba, macho kwenye kioo cha kamera, alikuwa akimgombeza askari wake kwa simu, "Mbona hufungui geti?" na mgeni ameshaegesha gari. Meneja wetu alicheka. "Sekunde chache zitamuumiza nani?" Mimi pia nilicheka.

Nilipokaribia kustaafu, kanisa letu hapa Kinoo lilijenga ukumbi mpya ghorofani. Ulikuwa mzuri, ila ngazi zake, jamani! Wazee waliolemewa na magoti wakabaki ukumbi wa chini. Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi akaniita.

"Mama Mutua, tunataka hao wa chini waone ibada. Lakini pesa iliisha kwa paa. Tumia kile kiko."

Kile kilichokuwepo ni kamera nzee ya mpiga picha za harusi, kompyuta mbili zilizotupwa na ofisi fulani, na televisheni ya zamani yenye kichogo. Nilijua waya wa kamera ungefika chini umejaa chenga, kwa hivyo nikapitisha picha kwenye mtandao wa ofisi ya kanisa. Sauti ilikuwa na waya wake, ikawa inaitangulia picha, nikaichelewesha makusudi zilingane. Midomo na maneno vikaenda pamoja. Nilijisifu, sitaki kudanganya.

Ndipo Shosho Wangeci akanishika mkono. Alikuwa amemlea mjukuu wake Njeri tangu mama ya mtoto alipofariki, na Njeri alikuwa anaolewa Jumamosi hiyo. Desturi ya hapa ni kwamba bibi harusi akifika mlangoni, nyanya yake ndiye anaanza ngemi, vile vigelegele vya furaha, kisha wanawake wengine wanapokea.

"Mama Mutua, hii Amina ya maombi tunaisikia mara mbili. Kwanza inapita kwa dari, halafu inakuja kwa TV. Nikingoja TV, Njeri atakuwa ashaketi. Watasema shosho alilala."

"Vijana si wakubebe?"

"Ati wanibebe? Mimi si gunia ya viazi!"

"Basi mtu akupigie simu akuambie amefika."

"Nitampigia ngemi aje na sijamwona? Huyu mtoto nilimnyonyesha kwa chupa."

Nikampelekea Mwenyekiti neno hilo. Akasema wanawake wa juu wataanza tu, kwani ngemi ni za mtu mmoja? Nilikasirika mpaka nikasahau kumuaga. Zile sekunde nilizokuwa nazicheka Lavington sasa zilikuwa na mwenyewe.

Nikaiondoa ile akiba yote ya picha, sauti nikaacha kuichelewesha, na ili kompyuta zile chovu zisilemewe, nikaipunguza picha ikawa ndogo na isiyo na rangi. Shosho akaitazama. "Ni mbaya," akasema, "lakini ni ya sasa." Kisha akauliza swali lililonikalisha chini. "Na mimi, huko juu watanisikia na nini?"

Miaka yote hiyo nilikuwa napeleka picha kwa watu. Sikuwahi kufikiri kwamba anayepelekewa ana chake cha kurudisha. Nikaomba maikrofoni ya shule ya Jumapili, nikapandisha waya wake hadi kwenye spika za juu, nikamwambia Njeri kwamba sauti ya shosho wake itatokea hapo.

Jumamosi ikafika, nikaketi kando yake. Njeri alipokaribia mlango, picha ilikatika ikawa vipande vya miraba, ikaganda. Juu palikuwa kimya. "Ngoja," Shosho akasema, sijui alikuwa anamwambia nani. Picha ikarudi, na Njeri alikuwa amesimama mlangoni, hatembei. Alikuwa anamngoja. Shosho akainua kidevu, akapiga ngemi ambazo sikujua kifua kile bado kinazo. Juu wakapokea mpaka dari likatetema. Kwenye kile kioo kidogo tulimwona Njeri ameinua uso kuelekea spika, mkono mdomoni. Nililia wazi, fundi mzima.

Shosho alishatutoka. Mimi nimestaafu, magoti yangu nayo yamegoma, na sasa kiti changu ni huku chini. Nikiulizwa nilijifunza nini kazini, huwa nasema picha safi ni kitu kizuri, lakini uliza kwanza ni ya nani na anaihitaji saa ngapi. Vijana wameleta mitambo mipya, ila maikrofoni ile haijaguswa na mtu.

Juzi kulikuwa na harusi ya msichana asiye na nyanya wala mama. Akafika mlangoni akasimama, akaangalia spika. Huku chini tukatazamana. Jirani yangu akanisukumia maikrofoni. "Si ni wewe umebaki?"

Nikapiga. Akaanza kutembea.