Kitenge Walichokiita Promo

Marceline, mama yake Jaël, alikuwa na kitenge kimoja tu cha kuuza, na ndicho kilichomfunga. Yaani marobota mazima, lakini chapa ile ile moja: njiwa weupe kwenye rangi ya njano. Alitia humo akiba yake yote aliyoipata kwa kuwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha Shituru, akijua msimu wa ndoa ukifika akina mama watakigombania. Msimu ukafika, akina mama wakapita zao.

Basi mama wa watu akafanya alichokiona ujanja. Akachukua kipande cha katoni, akaandika PROMOTION, yaani punguzo, kwa wino mwekundu, na bei chini yake, herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Akakitundika mbele ya duka lake sokoni. Jamani! Likasi nzima ikasoma, na hakuna aliyeingia.

Ni Carine, jirani yake anayeuza viatu, aliyemfumbua macho.

"Mama Jaël, bantu bananunua kikwembe juu ya kumupa mama-mukwe. Nani atamupa kitu chenye bei yake inajulikana mpaka Shituru?"

Marceline akaona haya, akakishusha kibao siku hiyo hiyo. Wapi! Wanawake wa mji huu hukipa kila kitenge jina, na jina likishakaa halitoki hata kwa sabuni. Njiwa wake walikwisha kubatizwa Promo. Akipandisha bei wanacheka. Akiteremsha, wanacheka zaidi. Marobota yakarudi nyumbani, yakajaa chumbani mpaka akawa analala amebanwa na ukuta, na kila asubuhi akifumbua macho njiwa wanamtazama. Ilimuuma hasa kwa sababu bintiye Jaël alikuwa amechumbiwa na Parfait. Siku ya mahari alitaka kusimama mbele za watu kama mama mwenye duka, si kichekesho cha soko.

Alasiri moja akaingia dukani mama mgeni, mtu wa Kakontwe, akawa anakipapasa kipande cha kile kitenge kilichobaki rafuni. Huyu hakujua kwamba kinaitwa Promo. Marceline akamrukia kwa maneno matamu, akasifu rangi, akasifu uzito, akamalizia kwa kiapo:

"Kamata hiki, mama. Hakuna mama-mukwe anaweza kukikatala."

Mgeni akalipa bila kubishana. Marceline aliimba njia nzima ya kurudi nyumbani, maskini.

Siku ya mahari ua ukajaa, Carine akiwa mstari wa mbele. Wakwe wakaleta mbuzi, wakaleta chumvi, wakaleta blanketi la baba. Kisha shangazi yake Parfait akapiga magoti na kifurushi cha mama. Marceline akamtambua kabla hakijafunguliwa. Ndiye yule wa Kakontwe, na ndani ni njiwa weupe.

Mtu huko nyuma akakohoa. Kukikataa ni kutangaza mbele ya wakwe kwamba anachouza hakifai. Kukipokea ni kujivika jina lile mwenyewe. Akamtazama shangazi usoni, akitafuta dhihaka. Haikuwepo. Yule mama naye alikuwa amemtambua, na alifurahi kwa moyo wote.

"Weye mwenyewe ulisema, mama," akamwambia kwa upole. "Hakuna mama-mukwe anaweza kukikatala."

Marceline akakipokea kwa mikono miwili, akajifunga kiunoni, akashukuru. Vigelegele vikapigwa, vingine vikiwa na kicheko ndani yake. Akakaa nacho hivyo hivyo mpaka wageni wote walipomaliza kula.