Jiwe la Meno Chini ya Kanisa

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha Mususa, Butembo, kwenye kiangazi kile ambacho shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, lilikuwa likijenga kanisa. Kila familia ilipaswa kutoa mawe ya msingi. Mimi na mama tulishuka mtoni kila asubuhi, tukarudi na vitunga mgongoni, mkaba wa kubebea ukitukata paji la uso, na mawe tukayarundika kando ya mlango kungojea salongo, kazi ya pamoja, ya Jumamosi. Ijumaa, ndani ya maji yale baridi, niliokota jiwe jeusi lenye safu ya vinundu vilivyosagika, kama meno ya mbuzi mzee. Mwalimu wetu, aliyepangiwa kazi huku kutoka Kasai, alikuwa ametufundisha habari za dinosaria na kwamba meno ya mnyama husema alikula nini. Nilipomweleza darasani siku ile ile, aliweka chaki chini. "Lete hiyo jiwe lundi," alisema, yaani Jumatatu. "Nikiiona, nitakuambia kama ni jino ao ni jiwe tu."

Niliificha siri yangu katika rundo lile lile la mlangoni, kwa kuwa sikuwa na pa kuificha pengine. Jumamosi nilitumwa sokoni kununua sombe, majani ya muhogo. Niliporudi, mama alikuwa amekwisha kupeleka yote. Nilikimbia hadi kanisani nikaliona jiwe langu limelala kwenye mtaro wa msingi, fundi akisukuma toroli la zege kuelekea pale pale. Nilimsihi kiongozi wa shirika, baba mpole muuza kahawa.

"Jiwe yenye imeshatolewa kwa Mungu hairudiake ku nyumba, mwanangu," alisema. "Donc turudishie kila mutu yake?"

Zege likamwagwa. Mama alinifuta machozi kwa kanga yake, akishangaa kweli. "Mais unalilia jiwe? Ku mutoni iko mingi."

Juzi redio imesema watafiti wamechunguza upya visukuku vya dinosaria waliokula majani, na sasa wanafikiri upya jinsi wanyama hao walivyoanza kula majani. Mifupa yenyewe ilitoka nchi za mbali. Binti yangu akauliza, "Na huku kwetu, mama, dinosaria balikuwaka?" Hasira ya zamani ikanirudia. Sisemi lile lilikuwa jino. Huenda lilikuwa jiwe kama mengine, na mwalimu angelicheka tu akalirudisha. Ninachodai ni ile lundi yangu. Siku hizi shirika linapanua kanisa na mawe yanaombwa tena, hivyo jioni nakaa mlangoni, nayageuza moja moja kabla binti yangu hajayapeleka, mama yangu akinicheka. Jumapili tunakaa kwenye kona ile ya ukuta wa zamani, juu ya mtaro uliomeza jiwe langu. Wenzangu hutazama altare, nami natazama plasta.