Ukuta wa Kocha Apollinaire

Kwa miaka minne Apollinaire alikuwa beki wa timu ya chuo kikuu kule Lubumbashi, na washambuliaji walimwogopa kama ukoma. Kabla ya mechi yeye na wenzake waliruka ukuta wa uwanja, maana getini ndiko wapinzani huzika dawa za uchawi. Siku moja tu yeye alipita getini. Kabla ya mapumziko goti likavunjika, na mpira ukaishia hapo.

Basi hata kule Durban, Afrika Kusini, mwaka 1998, alipokuwa kocha wa timu ya wakimbizi pale Umbilo, hakutaka kusikia habari za geti. Mtu mzima na digrii yake!

"Wote ku ukuta!" alifoka Jumapili moja, mvua ikinyesha.

Peguy, beki wake, kinyozi wa South Beach, alisita. "Kocha, iko utelezi."

"Unataka kuvunjika kama mimi? Panda!"

Peguy akapanda. Alipotua upande wa pili, mguu ulilia kama kuni kavu zinazovunjwa.

Hospitalini Apollinaire alikaa kando ya kitanda. Kinyozi hufanya kazi amesimama.

"Kocha, unisamehe," Peguy alisema. "Niliruka mubaya."

Apollinaire alitaka kumwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba goti lake lilikuwa limevimba wiki nzima kabla ya mechi ile, na alilificha mwenyewe ili asikose namba. Geti halikuwa na kosa lolote.

Akakohoa. "Siku ingine," alisema, "uruke muzuri."